Mji wa bima ukitaka kuwa kitovu cha teknolojia

Ahadi ya mji wa teknolojia imekuwa kama wimbo wa kampeni Afrika Mashariki. Kenya ilizindua ujenzi wa Konza Januari 2013, kwenye ekari 5,000 kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Rwanda ina Kigali Innovation City. Haitashangaza ahadi hiyo ikifika kesho Busia, Namanga au Tunduma, ambako riziki hutokana na mahindi, mitumba na vitenge.

Kabla ya wafanyabiashara wa mipakani kupiga makofi, upo mji mmoja wa Marekani unaofaa kutazamwa. Si San Francisco wala Boston. Ni Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, wenye watu wapatao 214,000 kwa sensa ya 2020. Mji huo umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya, na kwa zaidi ya miaka 100 sehemu kubwa ya mishahara yake imetoka kwenye kampuni za bima. Kwa miaka kadhaa sasa umekuwa ukijiuliza swali ambalo miji mingi ya ukubwa wake inajiuliza: je, mji mdogo wa bima unaweza kuwa kitovu cha teknolojia?

Jibu la gazeti hili ni ndiyo, kwa sharti moja. Teknolojia hiyo izaliwe kutokana na kazi ambayo mji tayari unaijua, na ianze na shida ya mteja aliyepo. Ikiletwa kama jengo, itabaki kuwa jengo.

Mashine iliyobomolewa

Iowa haijawahi kukosa akili. Kati ya 1939 na 1942, profesa John Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry waliunda moja ya mashine za kwanza kabisa za kukokotoa kwa umeme, katika chuo cha Iowa State mjini Ames, takriban kilomita 55 kaskazini mwa Des Moines. Vita vikaja, Atanasoff akaitwa kwenye kazi za jeshi la wanamaji, na maombi ya hataza hayakuwasilishwa. Baadaye mashine ilibomolewa. Mwaka 1973 jaji wa mahakama ya Marekani alifuta hataza ya kompyuta maarufu ya ENIAC, akisema wazo lake la msingi lilitoka kwa Atanasoff. Heshima ilirudi Iowa, lakini viwanda vya kompyuta vilikuwa vimeshajengwa kwingine.

Somo la Ames ni kwamba ubunifu peke yake haujengi kitovu. Unahitaji mnunuzi, mtaji na mtu wa kuufuatilia hadi sokoni.

Des Moines ilikuwa na vitu hivyo, japo haikuviita teknolojia. Kampuni ya Equitable of Iowa ilianzishwa 1867. Mwaka 1879 ikafuata Bankers Life, ambayo leo inajulikana kama Principal. Bima ni biashara ya hesabu na kumbukumbu: nani amelipa, ana umri gani, gari lake ni la aina gani, uwezekano wa kupata ajali ni upi. Ndiyo maana kampuni za bima zilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa kompyuta. IBM 650, mashine iliyofungua soko la kompyuta za ofisini, ilipelekwa kwanza John Hancock, kampuni ya bima ya Boston, Desemba 1954. Mji wa bima ulikuwa mji wa data kabla neno hilo halijawa la mitaani.

Lakini nguvu hiyo ina udhaifu wake. Bima ni kazi ya kukwepa hasara, na kampuni changa ni kazi ya kuikaribisha. Kijana anayejua kuandika programu na analipwa vizuri katika ofisi ya bima haachi mshahara kirahisi ili ajaribu bahati. Kampuni zenyewe hubeba mifumo ya zamani ambayo kuibadilisha ni gharama na hatari, kwa kuwa ndani yake kuna ahadi zilizotolewa kwa wateja miaka 30 au 40 iliyopita. Mji wa namna hii haugeuki kwa hotuba ya gavana.

Senti 25

Mfano bora wa jinsi Des Moines ilivyojaribu ni kampuni ya Dwolla, iliyoanzishwa 2008. Mwanzilishi wake, Ben Milne, alikuwa akiuza spika za muziki kupitia intaneti. Alichokasirishwa nacho kinafahamika vizuri kwa kila mfanyabiashara wa mpakani, nacho ni makato. Kwa mwaka mmoja alikuwa akipoteza takriban dola 55,000 kwa ada za kadi za benki. Akajiuliza kwa nini fedha isitoke akaunti moja kwenda nyingine bila kupita kwa wenye kadi. Kwa muda Dwolla ilitoza senti 25 kwa muamala, na miamala isiyozidi dola 10 ilipita bure.

Jambo la kuzingatia ni waliomwamini mapema. Ushirika wa akiba na mikopo wa Iowa, Veridian, ulikuwa miongoni mwa waliotangulia kumsaidia, kabla ya wawekezaji wakubwa wa New York na California kuja na mamilioni yao. Mji wenye watu wanaojua sheria za fedha na tabia ya akaunti ulimpa kijana huyo kitu ambacho fedha ya mwekezaji wa mbali isingeweza kununua.

Hata hivyo Dwolla haikuwa hadithi tamu tupu. Ilishindwa kuwavuta watu wa kawaida kwa wingi waache kadi zao, ikageukia kuuza huduma ya malipo kwa kampuni nyingine. Machi 2016 taasisi ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliitoza faini ya dola 100,000 kwa kutangaza kwamba ulinzi wa data zake ulikuwa bora kuliko ulivyokuwa. Mji wa bima ulipaswa kulijua hilo kuliko wote. Anayeshika fedha au siri za watu huuza uaminifu kwanza, programu baadaye.

Jaribio la pili lilihusu bima yenyewe. Mwaka 2014 kampuni saba za bima za Iowa zilichanga mtaji na kuanzisha Global Insurance Accelerator, mpango wa kulea kampuni changa za bima kutoka popote duniani. Mbali na fedha, vijana waliokubaliwa waliketi na maofisa wa bima walioweza kuwaambia mapema kuwa wazo fulani halitapita kwa mdhibiti, au kwamba lina mteja. Mwenye shida, mwenye ujuzi na mwenye fedha walikaa meza moja. Huo ndio mtaji ambao mji mkubwa wenye kila kitu mara nyingi hauna nafasi ya kuutoa.

Jengo kubwa, ajira chache

Upande wa pili wa mji kuna teknolojia ya aina nyingine. Tangu 2008 Microsoft imejenga vituo vya data huko West Des Moines. Facebook ilifuata 2013 katika mji jirani wa Altoona. Majimbo hushindana kuvutia majengo hayo kwa misamaha ya kodi, na Iowa ni mojawapo. Wakati wa ujenzi mafundi hupata kazi. Ujenzi ukiisha, hubaki jengo kubwa linaloendeshwa na watu wachache kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Na lina kiu. Julai 2022, vituo vya Microsoft vya West Des Moines vilivuta takriban galoni milioni 11.5 za maji, sawa na zaidi ya lita milioni 43 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni karibu asilimia 6 ya maji yote ya mamlaka ya eneo hilo. Huko ndiko ulikofanyika mafunzo ya mfumo wa akili bandia wa GPT-4. Dunia nzima iliutumia, lakini mji wenyewe haujawa kitovu kwa sababu hiyo, kama vile kijiji hakiwi kitovu cha usafirishaji kwa kupitiwa na reli isiyo na stesheni.

Hartford, katika jimbo la Connecticut, unatoa tahadhari nyingine. Ndiyo mama wa miji ya bima Marekani: kampuni ya The Hartford ilianza 1810, Aetna 1853, Travelers 1864. Lakini mwaka 2017 mji huo wenye watu wapatao 120,000 ulikuwa ukingoni mwa kufilisika, na Aetna ikatangaza kuhamishia makao makuu yake New York. Ni baada ya CVS kukubali kuinunua ndipo uamuzi huo uliachwa. Mwaka 2018 jimbo likakubali kubeba deni la mji la zaidi ya dola milioni 500. Mwaka huohuo Infosys ya India iliahidi kufungua kituo cha teknolojia na kuajiri watu 1,000 Hartford, na ruzuku ya jimbo ikafungwa na idadi ya ajira zitakazoonekana. Hapo kuna busara: jimbo halikulipa ahadi, lilikubali kulipia matokeo.

Linawahusu nini wafanyabiashara wa mpakani

Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali, au Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, anaijua Kadi ya Njano ya COMESA. Tangu 1987 kadi hiyo imemwezesha kuvuka nchi kadhaa kwa bima moja iliyokatwa nyumbani. Tanzania, ijapokuwa ilijitoa COMESA mwaka 2000, imebaki katika mpango huo, na siku hizi kadi hutolewa pia kwa njia ya kidijitali. Huo ni ushahidi kwamba bima na teknolojia ya kuvuka mipaka si mambo ya kigeni hapa.

Lakini kadi hiyo hulipa madhara ambayo gari limewasababishia watu wengine. Haimlipi mama mwenye magunia sita ya maharage yaliyolowa lori lilipolala njiani, wala kijana ambaye kreti zake za mayai zimevunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha cheti cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kwa hiyo mzigo mdogo una karatasi inayotambulika na thamani iliyoandikwa. Simu ya kulipia ipo mkononi tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Kinachokosekana ni bima ya mzigo huo mdogo: ya siku mbili au tatu, inayolipiwa kwa simu na kutoa fidia bila kumzungusha mtu ofisi kwa ofisi.

Hakuna mhandisi wa California anayeijua shida hiyo kuliko wakala wa forodha wa Malaba au kiongozi wa chama cha wanawake wafanyabiashara Mutukula. Ikiwa mji wa mpakani utakuwa kitovu cha teknolojia, utaanzia hapo.

Kwa hiyo serikali za ukanda zikija na michoro ya majengo ya vioo, vyama vya wafanyabiashara viulize mambo matatu. Kwanza, shida ya nani inatatuliwa, na je, mwenye shida ameketi mezani? Pili, misamaha ya kodi, ardhi na maji vimefungwa na ajira zinazohesabika, au vinatolewa kwa ahadi? Tatu, nani atalinda fedha na taarifa za mteja, na atawajibika vipi akishindwa? Kampuni za bima na vyama vya akiba na mikopo navyo viulizwe kwa nini vinasubiri mgeni afanye kile ambacho Veridian ilimfanyia kijana wa spika.

Des Moines haijawa Silicon Valley, na pengine haitakuwa. Palipofanikiwa, palifanikiwa kwa sababu mji haukuona aibu na kazi yake ya zamani. Wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Miji ya mpakani mbachao wake ni biashara. Teknolojia itakayodumu ni ile itakayokuja kuketi juu yake.