KUTAMANI BUNDUKI ZILIZOKATAZWA

Kutamani mambo yaliyopita ni tabia ya binadamu wote. Huku kwetu wapo wazee ambao wakianza kulisifu gobore la baba zao, jinsi lilivyoshindiliwa baruti na jinsi lilivyonguruma porini, wasikilizaji husahau kwenda kulala. Katika hayo mimi sioni ubaya wo wote. Lakini yatupasa kujiuliza neno moja: ikiwa kitu kilikatazwa na sheria kwa sababu ya damu iliyomwagika, je, kule kukitamani kwatosha kuwa hoja ya kukirudisha? Mimi nasema hakutoshi, nami nitaeleza kwa mfano wa nchi ya Australia.

Siku ya Jumapili, tarehe 28 Aprili, 1996, kijana mmoja aliingia mahali paitwapo Port Arthur, katika kisiwa cha Tasmania, ambapo watu huenda kutazama magofu ya gereza la kale. Alikuwa na bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, yaani mpigaji hana haja ya kuvuta komeo kila mara. Kazi yake ni kufyatua tu. Katika mkahawa na duka lililokuwa kando yake aliua watu 20 kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Jumla ya waliokufa siku ile ni 35.

Bwana John Howard alikuwa Waziri Mkuu kwa muda usiotimia miezi miwili. Kwa kuwa sheria za bunduki katika nchi ile hutungwa na majimbo, ilibidi wote wapatane, nao walipatana tarehe 10 Mei, siku kumi na mbili tu baada ya msiba. Bunduki zinazojipakia zenyewe zikakatazwa kwa raia, isipokuwa wachache wenye kazi maalum, na wakulima waliruhusiwa baadhi ya zile ndogo kama waliweza kuonyesha haja yao. Serikali ikazinunua kutoka kwa wenyewe, kwa fedha zilizopatikana kwa kuongeza kodi kidogo mara moja. Bunduki zaidi ya 600,000 zikatolewa na kuharibiwa.

Basi wapo Waaustralia ambao mpaka leo wakikutana huzikumbuka bunduki zile kama mtu akumbukavyo rafiki aliyefariki. Huikumbuka S.L.R., iliyotengenezwa kiwandani Lithgow na kuchukuliwa na askari wao katika vita vya Vietnam. Huikumbuka S.K.S., iliyouzwa madukani kwa bei nafuu, na ile ndogo ya Ruger waliyopigia sungura shambani walipokuwa vijana. Tusiwacheke. Sungura katika nchi ile si mchezo. Waliletwa kutoka Uingereza, wakazaana mpaka wakawa adui wa mkulima. Kijana aliyekabidhiwa bunduki na baba yake alikuwa amekabidhiwa kazi ya mtu mzima, na jambo kama hilo halisahauliki.

Nimepima hoja zao, nami naona ni tatu. Ya kwanza wasema, "Sisi hatukuua mtu, kwa nini tuadhibiwe kwa kosa la mwingine?" Hoja hii ina uzito, na anayewaita watu hawa wauaji awakosea sana. Lakini kukatazwa kitu si kuadhibiwa. Sisi tukaao mabwenini twajua kwamba mishumaa imekatazwa, ingawa wengi wetu hatujapata kuunguza hata shuka. Mwenye kukatazwa mshumaa hakuhukumiwa kwa kosa. Ameombwa kuchukua sehemu yake ya mzigo ili wote walale salama. Tena Waaustralia wale walilipwa thamani ya mali yao. Mtu anayeadhibiwa halipwi.

Hoja ya pili wasema, "Bunduki haina kosa, kosa ni la mtu." Ni kweli kwamba chuma hakina nia. Lakini chuma kina mwendo. Mtu mwenye nia mbaya na bunduki ya kuvuta komeo atapiga, atavuta, atalenga tena, na katika nafasi hiyo mtu mwingine aweza kukimbia mlangoni au kumrukia. Bunduki iliyokatazwa iliondoa nafasi hiyo. Sheria haikudai kuponya mioyo ya watu, maana hakuna sheria iwezayo hayo. Ilitaka kurudisha zile sekunde chache ambazo ndani yake mtu huokoka.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na tamaa yenyewe. Wasema, "Zamani tulikuwa na bunduki hizi na amani ilikuwapo." Hapa ndipo kumbukumbu huwadanganya wenyewe, maana mtu hukumbuka shamba lake na asikumbuke mtaa wa mwenzake. Mwezi wa Agosti 1987, katika barabara ya Hoddle mjini Melbourne, watu 7 waliuawa, na miongoni mwa bunduki zilizotumika ilikuwamo ile Ruger ndogo ya sungura. Mwezi wa Agosti 1991, pale Strathfield katika mji wa Sydney, watu 7 waliuawa, na muuaji alitumia S.K.S. Hata Port Arthur kwenyewe, mojawapo ya bunduki za muuaji ilikuwa ya aina ile ile ya S.L.R. isifiwayo. Basi silaha zinazotamaniwa ndizo hizo hizo zilizoua. Hatuwezi kukumbuka nusu ya habari na kuiita historia.

Tena, kumbukumbu si za upande mmoja. Miongoni mwa waliouawa Port Arthur walikuwamo ndugu wawili wa kike, Alannah wa miaka 6 na Madeline wa miaka 3, pamoja na mama yao. Mwaka 1997 ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia watoto wanaopatwa na ukatili, ukapewa majina yao. Mwenye bunduki akumbuka chuma kilichopondwa. Baba wa watoto hao awakumbuka wanawe. Zote mbili ni kumbukumbu, na zote ni za kweli, lakini mizani ya haki haiwezi kuziweka sawa. Bunduki ililipwa fidia. Mtoto halipiki.

Je, wenye kutamani wafanyeje? Nasema wasimulie. Waandike habari za baba zao na za mashamba yao, waende kuzitazama bunduki katika jumba la makumbusho lililopo kiwandani Lithgow, waingie katika vyama vya kulenga shabaha, ambavyo havikufungwa. Hata ile bunduki ya .303 ya kuvuta komeo, aina ile ile waliyochukua askari wa K.A.R. katika vita vya 1939 hadi 1945, haikukatazwa. Mwenye leseni na sababu ya haki aweza kuwa nayo. Naamini wengi wao, wakitazama vizuri mioyoni mwao, wataona kwamba wanachotamani si bunduki hasa, bali ni baba aliyekuwa akitembea nao alfajiri, na ujana uliokuwa haujachoka. Hivyo havikuchukuliwa na serikali. Vilichukuliwa na miaka, na hata bunduki zote zikirudishwa, havitarudi.

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, tuwaheshimu wazee wa kila nchi wanapokumbuka, wala tusiwanyang'anye hadithi zao. Lakini sheria na itungwe kwa ajili ya wale wanaotembea njiani leo na watoto watakaotembea kesho, wala isitungwe kwa ajili ya kumbukumbu, hata zikiwa tamu namna gani.