Shamba na Kipato: Pesa ya Parishi ni ya Nani?

 

Swali la mwezi huu limeletwa na akina mama kadhaa. Kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba, anasema ukimpa shilingi 50,000 atakuandika upate milioni moja ya PDM, hata kama huna kitambulisho cha Uganda. Jibu: usimpe kitu. Ukijua pesa ile inapita wapi utaona mwenyewe.

PDM ni mpango wa serikali wa kuendeleza parishi, ile Waganda wanaita muluka. Ulizinduliwa Februari 2022 kule Kibuku, mashariki ya nchi. Parishi ziko zaidi ya 10,000, na kila moja ilipangiwa milioni 100 kwa mwaka. Pesa inaingia kwa sacco ya parishi, na sacco inakopesha familia zinazolima kwa kula tu, milioni moja kila familia, riba asilimia 6 kwa mwaka. Ni mkopo! Watu wanasikia "pesa ya Museveni" wanafikiri ni bure. Mkopaji lazima awe raia mwenye namba ya kitambulisho cha taifa, anaishi parishi ileile, na yuko ndani ya kikundi cha kilimo au ufugaji. Anapokea kwa akaunti yake mwenyewe, wengi kwa simu, kupitia Wendi. Kadi ya mkimbizi haifungui mlango huo. Sasa huyo wa 50,000 atakuandika wapi?

Hata wenye nchi wanalia. Kuna viongozi wa parishi waliokamatwa kwa kuwakata watu pesa hiyo. Kabla ya PDM ilikuwa NAADS ya mwaka 2001, halafu wanajeshi wa Operation Wealth Creation wakagawa miche, na mingine ilifika mvua imekwisha, ikakauka. Jirani Tanzania walianza 2008 kutoa vocha za mbolea na mbegu kwa nusu bei, na kamati ya kijiji ndiyo ilichagua wa kupewa. Watafiti walipohesabu mkoani Kilimanjaro mwaka 2009, walikuta kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zimeingia nyumba za viongozi wa vijiji. Anayeshika kalamu hajisahau, jamani.

Mimi kuna kitu naona hakijakaa sawa. Kwenye miradi ya wakimbizi hapa Uganda, utaratibu umekuwa kwamba kama asilimia 30 iende kwa wenyeji wanaotuzunguka. Ni haki yao, ardhi ni yao. Lakini PDM haina fungu la mkimbizi anayelima kando ya mwenyeji huyo huyo, na mwaka 2025 WFP ilitoa watu karibu milioni moja kwenye orodha ya chakula. Hao waliambiwa wajitegemee. Kwa mtaji gani?

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kuunda vyama visivyo vya siasa. Kwa hiyo kikundi cha kuweka akiba, cha kukodi shamba au kufuga kuku pamoja, hakuna wa kukikataza. Ni pole pole, lakini hakina mtu wa katikati.

Kwa nyumba zilizochanganyika: mama raia wa Uganda aliyeolewa na mkimbizi bado ni raia. Aende yeye mwenyewe kwa ofisi ya parishi anakoishi, na kitambulisho chake mkononi.

Na kama umeshalipa yule mtu, usione haya. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, halafu polisi. Kama ulituma kwa simu, ule ujumbe usiufute.