Jina Halipigi Gitaa

Kuna uongo mmoja unaozunguka miongoni mwetu wapiga gitaa, nami nauandika leo kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuwa mmoja wa waliousambaza. Uongo wenyewe ni huu: kwamba valvu ya zamani yenye jina kubwa, ukiichomeka katika amplifaya yako, itakupa sauti ambayo vidole vyako havijapata kuitoa.

Kwa msomaji asiyeyajua mambo haya, nieleze kidogo. Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, nacho hukuza umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa. Redio za wazee wetu zilikuwa nazo kabla ya transista kuingia. Wapiga gitaa wengi hawajaziacha hadi leo, kwani zikielemewa sauti huvunjika taratibu, haikatiki ghafla. Hilo ni kweli, wala silibishii. Ni kweli pia kwamba valvu ya mbele, inayolipokea gitaa kwanza, ndiyo yenye kazi nyeti. Chochote itakachotoa, kiwe kizuri au kelele, kitakuzwa na zote zinazofuata. Inayotumika zaidi mahali hapo ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83.

Basi hapo ndipo biashara inapoanzia. Utaambiwa utafute Mullard ya Uingereza, Telefunken ya Ujerumani au RCA ya Marekani, za miaka ya 1950 na 1960. Viwanda hivyo vilitengeneza valvu nzuri, nani atakataa? Lakini kiwanda cha Mullard kilichokuwa Blackburn kiliacha kazi hiyo miongo mingi iliyopita. Jina lake lilinunuliwa, na leo linapigwa chapa juu ya valvu zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Hata zamani viwanda viliuziana valvu, kila kimoja kikiweka jina lake juu ya kazi ya mwenzake. Anayenunua jina, basi, mara nyingi ananunua wino.

Miaka michache iliyopita alinijia kijana niliyemfundisha gitaa tangu akiwa shule ya msingi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akaweka mezani kiboksi kidogo kwa uangalifu, kana kwamba amebeba yai. Ndani mlikuwa na Telefunken moja ya zamani. Amplifaya yake ilikuwa ikikwaruza, akaniambia, na sasa itapona.

Nikamuuliza fedha amezipata wapi. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameuza gitaa lake lisilotumia umeme, lile aliloachiwa na marehemu baba yake.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?" nikafoka.

"Wewe, Mwalimu. Ulisema valvu za siku hizi hazina roho."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi, tena kwa mbwembwe, mbele ya watoto walioniamini.

Tukaichomeka ile Telefunken. Mkwaruzo ukabaki pale pale. Nikaifungua amplifaya na kuipima, nikakuta kapasita iliyo kati ya valvu ya kwanza na ya pili inavujisha umeme. Bei ya kapasita mpya haikufikia sahani ya chipsi. Nikaibadilisha, sauti ikatakata.

Baada ya hapo nikamgeuza mgongo. Nilikuwa na valvu nne: ile yake, moja mpya ya Slovakia, moja mpya ya Urusi, na moja kuukuu iliyofutika maandishi. Kila mara nilizima, nikasubiri kioo kipoe, nikabadilisha, naye akapiga kipande kile kile na kuandika alama. Ya Slovakia ikashika nafasi ya kwanza. Telefunken ikawa ya tatu. Najua jaribio moja halimalizi ubishi, na siku nyingine huenda zingepangana vinginevyo. Lakini hebu tujiulize: kama roho ilikuwamo mle, mbona ilijificha mara tu macho yalipogeuzwa?

Najua nitakavyojibiwa. Watasema masikio yangu yamezeeka. Naam, yamezeeka, basi wenye masikio mapya na wageuzwe mgongo kama kijana wangu, wachague. Watasema valvu za zamani ni imara. Baadhi, ndiyo. Lakini nyingine zimefanya kazi miaka mingi na zimechoka, na uchovu huo hauonekani juu ya kioo. Valvu hupimwa kwa kifaa na kwa sikio. Igonge taratibu kwa penseli huku amplifaya inawaka: ikirudisha mlio kama kengele kwenye spika, haifai mahali pa kwanza, hata iwe na jina la mfalme.

Anayetaka kubadilisha sauti kweli na aanze na aina ya valvu, siyo ukoo wake. 12AX7 ina kipimo cha ukuzaji cha 100. 5751 ina 70, 12AT7 ina 60, na 12AY7 iko kati ya 40 na 45. Zote huingia katika soketi ile ile. Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na 12AY7 mbele. Marshall walipoifuata wakaunda JTM45 mwaka 1962, waliweka ECC83, na hiyo ni moja ya sababu amplifaya hizo mbili hazikulia sawa. Mpiga dansi anayetaka kila uzi usikike peke yake atafaidika zaidi na 5751 ya kawaida kuliko 12AX7 ya kifahari. Ila kubadilisha valvu kusimfanye afungue sanduku lenyewe kama si fundi: mle mna zaidi ya volti 300, nazo huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Sichukii vitu vya kale; mimi mwenyewe ni wa kale. Ninachokichukia ni kumwambia kijana asiye na kitu kwamba sauti nzuri imefungiwa katika kiboksi asichoweza kukinunua. Anayesema hivyo hamfundishi muziki, anamfundisha unyonge.

Nilikwenda kwa yule aliyelinunua gitaa la marehemu, nikiwa na fedha mkononi. Nikakuta ameshaliuza kwa msafiri asiyemjua jina. Kijana aliniambia, "Yaishe, Mwalimu." Yeye amesamehe. Ndiyo maana mimi naandika.