ASHIKAYE SINDANO NA AUJUE MWILI

Mtu akishuka Mbezi Luis alfajiri atakuta kazi imekwisha kuanza zamani. Katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa mwaka 2021, wapagazi wamejitwika mizigo ya wasafiri, madereva waliokesha njiani wanajinyoosha migongo, na mama lishe wameinama juu ya masufuria tangu saa kumi za usiku. Watu hawa hawafanani kwa kabila wala kwa umri, lakini wana jambo moja linalowaunganisha, nalo ni maumivu: ya mgongo, ya magoti, ya shingo na ya mabega. Mwenye maumivu hachagui mlango. Akisikia kwamba mahali fulani pana nafuu, huenda. Kwa sababu hiyo leo twapenda kusema neno juu ya tiba ya sindano za Kichina, na hasa juu ya elimu ya wale wanaojifunza kuzichoma.

Tulieleze kwanza jambo lenyewe. Katika lugha yetu sindano zote ni sindano. Ile ya hospitali ina tundu, nayo hupitisha dawa. Ile ya Kichina ni nyembamba sana, haina tundu wala dawa. Huchomwa mahali maalumu katika mwili, ikaachwa hapo kwa muda, kisha ikatolewa. Kwa kuwa jina ni moja, wananchi wengi hudhani kwamba aichomaye hii amesoma sawasawa na aichomaye ile. Dhana hiyo yaweza kuwa kweli, na yaweza kuwa uongo wa hatari. Hapo ndipo lilipo shauri letu.

Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China walifika Zanzibar mwaka 1964, na wenzao wa jimbo la Shandong wakaanza kuja Bara mwaka 1968. Miongoni mwa madaktari waliokuja kwa zamu tangu wakati huo wamekuwamo mafundi wa sindano. Mwaka 1987 madaktari wa China na wa Muhimbili walianza kushirikiana kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa dawa za Kichina. Baadaye, katika miaka ya 1990, zahanati za Kichina za watu binafsi zilianza kufunguliwa katika jiji la Dar es Salaam. Bunge nalo likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ambayo iliunda Baraza la kuwaandikisha na kuwasimamia waganga wa namna hiyo.

Sisi hatuipingi tiba hii. Uchunguzi uliofanywa juu ya maelfu ya wagonjwa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba yaweza kupunguza kwa kiasi maumivu ya muda mrefu ya mgongo, ya magoti na ya kichwa. Walakini uchunguzi huohuo umeonyesha kwamba tofauti kati ya sindano za kweli na zile za kuigiza si kubwa, na wataalamu wangali wanabishana juu ya maana yake. Basi aisifuye kupita kiasi amekosa, na aicheekaye tu amekosa pia. Lakini hata kama ingekuwa njema mara kumi zaidi, swali letu lingebaki palepale: je, mkono ule unaoishika sindano umefundishwa nini?

Tuseme mpagazi mmoja wa pale kituoni anaumwa mgongo. Anakwenda kwa mchoma sindano, analala kifudifudi, anachomwa, anapata usingizi na nafuu ya siku mbili. Anarudi tena na tena. Yule mchomaji haoni kwamba mtu huyu anakonda, kwamba hutoka jasho usiku, kwamba miguu yake imeanza kufa ganzi. Kumbe ni kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo! Ugonjwa huo una dawa, na dawa hizo hutolewa bure katika hospitali zetu. Lakini ukicheleweshwa, mifupa huporomoka, na mtu aliyekuwa akilisha jamaa yake kwa nguvu za mgongo wake hubaki kulala kitandani. Sindano haikumdhuru. Kilichomdhuru ni ujinga wa mwenye sindano, asiyejua wakati wa kuiweka chini na kusema, "Ndugu yangu, nenda hospitali leo hii."

Hali kadhalika maumivu ya kichwa. Huenda yakawa ya uchovu, na huenda yakawa ya malaria, ya shinikizo la damu, au ya homa ya uti wa mgongo. Nje yanafanana, ndani yanaachana kama usiku na mchana. Kuyatenganisha ni elimu, wala elimu hiyo haipatikani kwa kukariri ramani ya mahali pa kuchoma.

Tena sindano yenyewe yaweza kudhuru. Juu ya bega, na katika kifua na mgongo wa juu, pafu haliko mbali na ngozi. Sindano ikizama mno humtoboa mtu pafu, hewa ikavuja kifuani, pafu likanywea. Sindano iliyotumika kwa mmoja na kurudiwa kwa mwingine bila kutakaswa yaweza kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mwanamke mwenye mimba, mtu mwenye ugonjwa wa kutokwa damu bila kuganda, na mtu mwenye uvimbe wa saratani, kila mmoja ana tahadhari yake. Haya yote ni mambo ya maumbile ya mwili, ya kazi ya viungo na ya vijidudu. Ni masomo yaleyale yanayofundishwa kwa madaktari na wauguzi.

Labda atatokea mtu wa kusema kwamba kumlazimisha mwanafunzi wa tiba ya Kichina kusoma utabibu wa Kizungu ni kuitia tiba hiyo utumwani. La, hasha! Wachina wenyewe hawakuona hivyo. Katika miaka ya 1930 bingwa wao mmoja, Cheng Dan'an, aliyefariki mwaka 1957, alizipanga upya sehemu za kuchoma kwa kufuata elimu ya mishipa ya fahamu na kuepuka mishipa ya damu. Akafungua shule katika mji wa Wuxi, katika jimbo lilelile la Jiangsu ambalo baadaye lilituletea madaktari Zanzibar. Na mwaka 1956 serikali ya China ilipoanzisha vyuo vya tiba ya asili huko Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, mafunzo ya utabibu wa kisasa yaliingia pamoja na vitabu vya wazee. Ikiwa wenye tiba yao hawakuona haya kujifunza, sisi tunaona haya kwa niaba ya nani?

Kipimo nacho kipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1999. Lilishauri kwamba mtu asiye daktari, atakaye kuwa mchoma sindano kamili, asome saa 2,500, yaani kama miaka miwili ya kusoma kutwa. Kati ya hizo saa 1,000 ziwe za kazi mbele ya wagonjwa, na saa 500 ziwe za utabibu wa kisasa. Wala mwongozo huo haukumpendelea daktari wa hospitali: yeye naye, akitaka kutumia sindano hizi katika kazi yake, alishauriwa asome saa zisizopungua 200. Shahada ya udaktari haimpi mtu ufundi asiojifunza.

Twasisitiza zile saa za kazi. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwanafunzi hawezi kuijua homa kwa kuisoma kitabuni. Sharti asimame kando ya kitanda, amwone daktari akimpima mgonjwa, asikie pafu zima na pafu bovu, ashike tumbo laini na tumbo gumu, akosolewe na mkubwa wake kabla kosa lake halijamfikia mtu. Kutoka Mbezi Luis, ukishika Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha na kukata kuingia Mloganzila, utaikuta hospitali kubwa iliyozinduliwa mwaka 2017, karibu na viwanja vya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Chuo hicho kina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974 na kuwa taasisi mwaka 1991. Basi walimu wapo na wagonjwa wapo. Yatupasa kuufungua mlango, mwanafunzi wa sindano aingie wodini kama mwanafunzi, chini ya amri ya wakubwa wa wodi.

Tunajua kwamba baadhi ya madaktari hawatapenda. Wataona kwamba kumkaribisha mtu huyu ni kuibariki tiba wasiyoiamini. Tunawajibu kwa heshima: mgonjwa hatawangoja ninyi mwamini. Anakwenda huko tangu sasa. Mkimfukuza mwanafunzi mlangoni, hamtaifuta kazi yake; mtaiacha gizani tu, na wale aliowachelewesha mtawapokea ninyi wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Wengine watasema kwamba miaka miwili ni mingi na karo ni nzito. Neno hili lina haki, wala hatulipuuzi. Wakumbuke, hata hivyo, wale waliojulikana China kama madaktari wapekupeku, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 walifundishwa kwa miezi michache tu, wakaenda vijijini na sindano na dawa za kawaida. Mafunzo yao yalikuwa mafupi, lakini yalichanganya tiba mbili, na nyuma yao palikuwa na zahanati na hospitali za kuwasimamia na kupokea wagonjwa waliowashinda. Mafunzo mafupi chini ya usimamizi yaweza kuvumilika. Mafunzo mafupi pasipo msimamizi ni kamari, na kinachochezewa ni mwili wa mtu maskini.

Basi twalitaka Baraza lihesabu kuandikishwa kuwa mwanzo wa kazi yake, kwa kuwa cheti ukutani si elimu kichwani. Kipimo cha masomo kitangazwe kwa Kiswahili, mtihani uwepo, na saa za wodini zihesabiwe kwa sahihi ya daktari aliyesimamia. Wale wanaofanya kazi hiyo sasa wapewe muda na madarasa ya jioni, wajaze upungufu wao bila kunyang'anywa riziki. Vyama vya wafanyakazi navyo viwafundishe wanachama wao maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulala kitandani: Umesoma wapi, na kwa muda gani? Sindano hii imefunguliwa mbele yangu, au ilikwisha kumwingia mwingine? Na ukiona ugonjwa wangu umekushinda, utanipeleka wapi?

Mwenye elimu hataudhika kwa maswali hayo. Atajibu na kuendelea na kazi yake. Atakayeudhika, mfanyakazi na achukue kofia yake, aage kwa adabu, na atoke. Taifa hili lilipopata uhuru mwaka 1961 lilitangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi. Palipo na sindano katika mkono usiofundishwa, maadui hao watatu hukutana juu ya mgongo wa mtu mmoja.