Kabla ya Kutimiza Miaka 35
Kabla ya kutimiza miaka 35 niliandika orodha ya mambo ambayo sikuwahi kuyafanya. La kwanza lilinitia haya: kupanda kilima cha Biharwe, uliko mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Miaka yote nilipita chini yake nikielekea Mbarara. La pili, kushinda sokoni Nakivale nikizungumza Kiswahili na Wakongomani. Walinicheka, nami nikajifunza. Naona orodha ya namna hii haihitaji ndege, yahitaji ujasiri tu. Mwanafunzi wangu mmoja mkimbizi, ambaye kadi yake yasema 1 Januari kwa kuwa tarehe yake haijulikani, aliniuliza aihesabie siku gani. Nikamwambia ajichagulie. Alichagua siku aliyovuka mpaka na mamaye.