KARATASI YA UWAKILISHI: TUSITIE DOLE KABLA YA KUMWONA WAKILI

Ndugu wanaushirika,

Msimu wa korosho unakaribia, na wazee wetu walio wagonjwa wameanza kuulizia namna ya kumtuma mtoto au mpwa akawafuatilie malipo benki. Karatasi inayotakiwa inaitwa hati ya uwakilishi. Kwa hati hiyo unampa mtu uwezo wa kutenda kwa niaba yako, na akitenda yeye ni sawa umetenda wewe. Hapo ndipo penye moto.

Msimu uliopita mzee wetu mmoja alitaka mpwawe amchukulie fedha za korosho, basi. Hati iliandikwa na mtu mmoja mjini mwenye meza na mhuri, kwa Kiingereza. Mzee akatia dole. Shahidi nilikuwa mimi. Ndugu zangu, mimi kusoma nimejifunzia ukubwani, darasa la jioni, na Kiingereza sikijui. Niliona haya kusema mbele ya watu kwamba sielewi, nikaweka sahihi. Kumbe hati ilisema mpwa anaweza kuuza na kuweka rehani mali zote za mzee! Leo mikorosho ya bondeni iko rehani, na mzee hajui hata shilingi moja ilikokwenda. Nimekwenda kumwomba radhi. Shamba bado halijarudi.

Kwa hiyo nasema wazi: hati hii iandikwe na wakili. Wengine wanasema kwenda kwa wakili ni kumwonyesha mwanao kuwa humwamini. Hilo silikubali. Wakili anamlinda hata huyo kijana, maana kesho ndugu wakisema kaiba, hati itaonyesha alitumwa nini. Kuhusu gharama, ni kweli si ndogo kwa mkulima. Basi tuanze kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wao si mawakili, ila watakuelekeza kwa wakili wa kweli, na asiye na uwezo ana njia ya kusaidiwa bila malipo.

Utamjuaje wa kweli? Muulize cheti chake cha uwakili cha mwaka huu, maana huhuishwa kila mwaka. Tena sheria inamtaka aliyetayarisha hati aandike jina na anwani yake juu yake. Karatasi isiyosema nani kaiandika, irudishe. Vishoka hawapendi kuandika majina yao.

Ukikaa mbele ya wakili, taja kazi moja tu unayomtuma mtu: malipo ya korosho, msimu fulani, akaunti fulani, mwisho tarehe fulani. Neno "mali zote" likatae. Taka iandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Kisha usomewe kwa sauti, mpwa akiwa nje.

Na jambo wengi hawalijui: hati hii hufa pamoja na aliyeitoa. Mzee akifariki asubuhi, jioni huwezi kuitumia. Hapo ni mirathi, nenda Mahakama ya Mwanzo. Hata akipoteza akili, sheria ya mikataba inasema uwakala umekwisha. Kwa hiyo msingoje mgonjwa azidiwe ndio mumshike kidole mkibonyeze kwenye wino. Nimeyaona hayo, na ni wizi.

Naiomba kamati ya ushirika katika mkutano ujao ikubali tumwite wakili hapa kijijini siku moja, kabla ya mnada wa kwanza, nauli tuchange. Wenye shida waandikishe majina kwa karani. Mzee wetu yule nimeshamwandikisha wa kwanza, aje aifute ile hati, na barua ya kuifuta nitaipeleka benki mwenyewe.

Katibu wa Tawi