Nani Mwenye Kiherehere?

Kiherehere, kwa maana yake ya zamani, ni mapigo ya moyo wenye hofu au shauku. Kwa maana iliyoenea leo, ni hali ya mtu kujishughulisha kupita kiasi, hasa katika jambo lisilomhusu. Maana hii ya pili imekuwa silaha ya kisiasa.

Nimelisikia likitumika hivyo vijijini Handeni na Korogwe. Mwanakijiji akisimama mkutanoni kuuliza mapato na matumizi, au ekari ngapi amepewa mgeni na kwa idhini ya nani, huambiwa ana kiherehere. Kisha hupigiwa methali: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Muulizaji huketi kwa aibu, na ajenda ikasonga mbele.

Lakini pilipili hii mwanakijiji anaila. Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Korogwe, kwenye vijiji vinavyopakana na mashamba makubwa ya mkonge, swali la ekari ni swali la chakula. Msomera, wilayani Handeni, ambako wakazi wa Ngorongoro walianza kuhamishiwa mwaka 2022, swali la ridhaa linawahusu wanaohamia na waliowatangulia.

Anayetaka kukiona kiherehere halisi na akitafute katika Operesheni Vijiji. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Kufikia mwishoni mwa 1973, kuhamia vijijini kulikuwa amri. Watendaji walikimbizana na malengo, na katika baadhi ya maeneo nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Huko ndiko kujishughulisha kupita kiasi katika maisha ya watu wengine. Hata hivyo, sijapata kusikia watendaji hao wakiitwa wenye kiherehere. Neno hili huteremka tu kutoka meza kuu; halipandi.

Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujalitamka mkutanoni, jibu kwanza swali uliloulizwa. Nawe mwanafunzi utakayeitwa hivyo siku moja kijijini kwenu, usiketi kabla swali lako halijaandikwa katika muhtasari.